Anayelala barazani anaweza kumaliza dozi ya TB

Pale soko la Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, utasikia: "Huyo analala nje, dawa za TB ataziacha njiani." Si kweli. Mara nyingi kinachomwangusha ni mpangilio mbovu wa huduma, wala si tabia yake.

Matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni miezi 6: miwili ya dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kisha minne ya dawa mbili. Idadi hufuata uzito; mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vidonge 3 kwa mkupuo, mara moja kwa siku. Dawa ni bure. Shida ni pa kuziweka: mvua ya masika huzilowesha, mfuko huibwa akiwa usingizini. Basi mhudumu wa afya ngazi ya jamii asimkabidhi za mwezi mzima. Zikae kituoni, au kwa msimamizi aliyemchagua mwenyewe na anayemwona kila siku, mathalani mama lishe au mlinzi wa duka, ameze mbele yake. Akichefuka kwa njaa, uji kidogo husaidia. Na aambiwe mapema kuwa mkojo utageuka rangi ya chungwa, la sivyo atadhani ni damu na kuacha dawa.

Akihama Arusha kwenda Moshi, kama kilomita 80 tu, apewe fomu ya uhamisho, na kituo kipigie kingine simu. Asipoonekana siku moja, atafutwe kesho yake. Akikosa dawa miezi 2 mfululizo, huhesabiwa amepotea kwenye matibabu.