"Si mnatibiwa bure?"

Juzi shemeji mtu alimsindikiza mama mmoja wa Tongoni, Tanga, kwenye mazoezi ya viungo ninayompa mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo (ubongo uliodhurika mapema, viungo vikawa havimtii), akaniuliza mama mwenyewe akisikia: "Hivi huyu analia njaa ya nini, na mtoto anatibiwa bure?" Swali hili nimelisikia hadi masikio yameota sugu.

Dhana: Matibabu ni bure, kwa hiyo shida zao ni uzembe.

Bure ni kwa aliye chini ya miaka 5, kwenye kituo cha serikali. Mtindio wa ubongo haujui siku ya kuzaliwa. Na hiyo bure haimfikishi mtu mlangoni kwangu. Mtoto wa yule mama ana miaka 8, miguu imekaza na kupishana kama mkasi, kanga haimshiki tena mgongoni. Kwenye daladala konda anataka nauli ya siti mbili, basi inabidi bodaboda, kwenda na kurudi. Siku hiyo vitumbua havikaangwi, na mla vitumbua hangoji: kesho anakunywa chai kwa jirani. Akirudi nyumbani, bakuli moja la uji ni saa nzima ya kulisha kijiko kwa kijiko, na milo ni mitatu. Haya, shemeji, nitajie kazi inayoingia hapo katikati.

Mimi ugonjwa wangu ni kiti cha kumkalisha mtoto kama huyu. Maboksi, gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, unaanika juani mpaka kiwe kigumu kama ubao, unaweka mkanda na meza ndogo mbele. Mtoto anayelishwa amelala chali hupaliwa, uji ukaingia mapafuni. Hiyo ni nimonia, nimonia ni kulazwa, na mama naye analazwa biashara. Mtoto akikaa wima, kidevu kimeinama kidogo, anameza vizuri na mama anapata mikono yake miwili. Ndugu anayetaka kusaidia aache kuleta kilo ya sukari, alete maboksi.

Dhana: Ni mkono wa mtu.

Ninaowaona mimi, wengi walichelewa kulia walipozaliwa. Wengine ni manjano kali ya uchanga iliyoachwa bila tiba, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Minazi inauzwa, mganga anashiba, mtoto yuko palepale.

Dhana: Ukiwa na mtoto mlemavu, TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) wanakuandika tu.

TASAF inaangalia umaskini wa kaya, na majina hupita kwenye mkutano wa mtaa. Nenda mkutanoni, nenda na mtoto.

Dhana: Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengewa watu wenye ulemavu ni msaada.

Ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kabla hujasaini, jibu kwanza nani atakaa na mtoto wewe ukiwa sokoni.