Kamba ya Fashifashi Haikufungwa kwa Ajili ya Wakubwa

Mkesha wa mwaka mpya unapowadia, watu wa Tanga huteremka kuelekea baharini. Wengine huenda Raskazone, wengine hujazana kwenye bustani zinazotazama bandari, kwa kuwa panapotarajiwa fashifashi kila mtu hutaka mbingu iliyo wazi mbele yake. Onyesho likiwa limeandaliwa rasmi, huwapo pia kamba, au utepe wa njano, au vizuizi vya chuma. Na huwapo vilevile watu wanaouinua utepe huo kwa mkono mmoja na kupita chini yake kwa utulivu kabisa, kama apitaye chini ya kamba ya kuanikia nguo uani kwake. Wanaofanya hivyo si walevi wala wahuni peke yao. Wengi ni watu wazima wenye akili zao, wamebeba watoto, na wanaamini mambo fulani kuhusu fashifashi ambayo hayana ukweli, au yana ukweli nusu.

"Si zinaruka juu? Sisi tuko chini."

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote, na ina chembe ya ukweli, kwa sababu kombora lililotengenezwa vizuri na kurushwa na fundi anayeijua kazi yake hupanda juu na kumalizikia hukohuko. Kombora lenyewe ni tufe la karatasi ngumu, na ndani yake mmepangwa vidonge vya kemikali ambavyo mafundi huviita nyota: vyenye strontiamu huwaka vyekundu, vyenye bariamu huwaka kijani, vyenye shaba huwaka buluu. Chini ya tufe kuna fungu la baruti ya kulisukuma. Tufe na baruti yake huingizwa ndani ya bomba lililosimamishwa wima, na utambi ukiwashwa, baruti hulitoa kombora kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, huku moto huohuo ukiwasha utambi wa pili, mfupi, unaolipa kombora sekunde chache tu za kupanda kabla halijapasuka. Usalama wa umati mzima, basi, umebebwa na tambi mbili, bomba moja na kitu kinacholishikilia bomba hilo lisianguke.

Utambi wa pili ukiungua haraka kuliko ilivyokusudiwa, kombora hupasuka ndani ya bomba au mita chache juu yake. Baruti ya kusukuma ikiwa imeingiwa na unyevu, jambo la kutazamiwa kabisa katika hewa ya pwani yetu, kombora hupanda kidogo, hugeuka, na kupasuka likiwa linarudi au limeshafika chini. Bomba lililochomekwa kwenye mchanga laini bila kuegemezwa huweza kuinama kwa mshindo wa kombora la kwanza, na la pili likatoka likiwa limeelekezwa kwa watu. Mambo haya si ya kubuni. Mjini Simi Valley, California, tarehe 4 Julai 2013, kombora lililipuka kabla halijatoka kwenye bomba, mabomba ya jirani yakapinduka, na makombora yaliyosalia yakaendelea kutoka yakielekea kwa watazamaji. Watu zaidi ya 20 walijeruhiwa.

Kamba hupimwa kwa kufikiria usiku kama huo, ambapo mambo yameharibika, wala haipimwi kwa kutazama usiku ambao kila kitu kimekwenda sawa. Kanuni ya Marekani ijulikanayo kama NFPA 1123 hutaka umbali wa futi 70 kwa kila inchi moja ya kipenyo cha kombora. Kombora la inchi 3, ambalo ni dogo kwa maonyesho ya namna hii, linadai futi 210, yaani mita 64. La inchi 6 linadai futi 420, ambazo ni mita 128, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Msomaji na ajiulize: aliyesimama mita 20 ndani ya utepe amejipunguzia umbali gani uliokuwa umehesabiwa kwa ajili yake, na amejipatia nini badala yake?

"Mwaka jana tulisimama hapahapa na hatukufanywa kitu."

Bila shaka ni kweli, kwani makombora mengi hupanda na kupasuka yanavyotakiwa. Lakini usiku wa salama mwaka jana hauelezi chochote kuhusu tambi za mwaka huu, ambazo zimetoka katika shehena nyingine, zimehifadhiwa katika ghala jingine, na pengine zimefungwa na fundi mwingine. Wenye hoja hii huikamilisha kwa kusema kwamba ajali haina kinga, msemo tunaoutumia kumfariji aliyefikwa, na ambao ni haki ya mfiwa, ila umegeuzwa kuwa ruhusa ya kufikwa. Mtu anayezijua fashifashi kuliko wote pale uwanjani ni fundi anayezirusha. Yeye huvaa kofia ngumu, miwani na vizibo vya masikio, hainamishi uso juu ya mdomo wa bomba hata kwa sekunde moja, na katika maonyesho makubwa ya siku hizi hakaribii mabomba kabisa, bali huyawasha kwa waya za umeme akiwa mbali. Mwenye ujuzi anapojitenga kiasi hicho, sijui asiye nao anakaribia kwa hoja ipi.

"Kamba ile ni ya kututenganisha na wakubwa."

Hapa lawama haiwaendei watazamaji peke yao. Katika shughuli zetu nyingi, kuanzia harusi mpaka mikutano ya hadhara, kamba ina kazi moja inayofahamika: upande huu wananchi, upande ule wageni waalikwa, viti vyenye vitambaa na maji ya chupa. Mtu aliyekua akiziona kamba za namna hiyo tangu utotoni hujifunza kwamba kuivuka ni utundu tu, adhabu yake ni kukaripiwa na mgambo, na akibahatika kumfahamu mgambo huyo hata kukaripiwa hakupo. Anapoikuta kamba ya fashifashi, iliyofungwa kwa utepe uleule kwenye mnazi uleule, hana sababu ya kuidhania kuwa ni kitu tofauti.

Nayo ni tofauti kabisa. Ndani ya eneo lililozungushiwa kamba ya fashifashi hapatakiwi kuwa na mtu yeyote isipokuwa mafundi, awe diwani, mfadhili, mpiga picha au mtoto wa mwenye hoteli. Mwandaaji anayetenga eneo la hatari na kisha akaweka humo meza mbili za wageni wa heshima amewaambia watu wote waliobaki nje, bila kutamka neno, kwamba eneo hilo halina hatari; naye hawezi kushangaa wakimfuata humo. Ingefaa kamba hizi mbili zisifanane hata kwa rangi, na wanaosimamia ile ya hatari wawe wanaeleza. Mgambo anayesema "rudi nyuma" hupuuzwa. Anayesema "mzee wangu, lile bomba pale likianguka linatazama huku ulikosimama" husikilizwa, kwa sababu amempa mtu sababu.

"Zikirushwa baharini, hatari imeisha."

Kuzirusha kutoka kwenye tishari au gati kunasaidia sana, maana kombora lililoshindwa huangukia maji. Lakini upepo haumo katika hesabu hiyo, na Tanga ina upepo wake. Mji umekaa upande wa kusini wa ghuba, bahari ikiwa kaskazini yake, na mwishoni mwa Desemba msimu ni wa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki. Kaskazi likivuma, moshi, makaratasi yenye moto na vipande vya makombora vilivyopasuka juu ya maji huletwa nchi kavu, moja kwa moja kwa waliosogea ukingoni. Kipande cha karatasi chenye ncha nyekundu kikitua kwenye kanga au buibui la kitambaa chepesi hakihitaji msaada wa mtu kushika moto. Aliyejifunza kutazama bendera na matawi ya minazi kabla ya kuchagua pa kusimama ameshajikinga kwa kiasi kikubwa, na onyesho likianza huku upepo ukiwa umegeuka kuelekea kwa watu, ni wajibu wa mwandaaji kusogeza kamba nyuma au kusimamisha kazi.

"Ukiwa karibu ndiyo unaona vizuri."

Kombora likipasuka mita 200 juu, aliye mita 50 kutoka kwenye bomba inambidi akunje shingo mpaka awe anatazama karibu utosini pake. Aliye mita 200 huinua uso nusu tu ya njia, na ua zima la moto linamwenea machoni na kwenye simu yake. Wa karibu hupata moshi. Tena hupata mshindo: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mlio wa ghafla kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto, na mtoto aliyebebwa mabegani ndani ya kamba amewekwa mahali ambapo baba yake hakupaswa kuwapo hata akiwa peke yake.

"Nikiiona inakuja nitakimbia."

Nyota za kombora lililopasukia chini humfikia aliye mita 30 kabla hajajua kwamba kuna jambo limeharibika. Ni usiku, macho yametiwa kiwi na mwanga wa kombora lililotangulia, miguu iko kwenye mchanga, na nyuma kuna watu mia waliovuka pamoja naye.

Watu hao wa nyuma ni suala linalojitegemea, kwani wengi hudhani kwamba hatari ya fashifashi ni moto peke yake. Katika jiji la Akashi, Japani, tarehe 21 Julai 2001, watu waliokuwa wakienda na kutoka kwenye onyesho la fashifashi walikutana juu ya daraja la waendao kwa miguu lililounganisha stesheni na ufukwe. 11 walikufa kwa kubanwa, wengi wao watoto, na hakuna cheche hata moja iliyowagusa. Abidjan, nchini Kodivaa, alfajiri ya tarehe 1 Januari 2013, watu wapatao 60 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakitawanyika baada ya fashifashi za mwaka mpya. Hapa jirani, jijini Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9 walipoteza maisha kwenye jengo la maduka la Freedom City walipokuwa wakisongamana kwenda kutazama fashifashi. Vizuizi vilivyopangwa vizuri hubakiza njia ya watu kutoka na ya gari la wagonjwa kuingia, na anayevivuka hujaza nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi. Haki isemwe pia kuhusu upande wa pili: walionusurika Abidjan walieleza kwamba magogo yaliyozuia barabara ndiyo yaliyowabana. Kizuizi kisichokuwa na mlango wa dharura ni mtego, na mwananchi ana haki ya kumuuliza mwandaaji mlango uko wapi kabla onyesho halijaanza.

"Jicho likiingiwa na cheche, lioshe haraka."

Ngozi iliyoungua, ndiyo: imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Jicho lililopigwa na kipande cha fataki lina hukumu nyingine. Madaktari wa macho huagiza lisisuguliwe, lisioshwe, lisikandamizwe, na kitu kilichokwama ndani yake kisiondolewe. Likingwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, mfano kitako cha kikombe cha karatasi, na mgonjwa akimbizwe hospitali, ambayo kwa mtu wa Tanga ni Bombo. Hata pale ambapo maumivu yametulia, aende.

"Iliyozimika imekufa."

Kombora lililopanda bila kupasuka hurudi chini kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, na likitua bado lina baruti yote iliyomo ndani ya tufe lake. Lile lililogoma kutoka kwenye bomba huenda linaungua taratibu kwa ndani, ndiyo maana mafundi huliacha kwa muda kabla ya kulisogelea, na huwa hawalichungulii. Kamba, kwa hiyo, haifunguliwi kombora la mwisho linapopasuka, ingawa huo ndio wakati ambao watu huivuka kwa wingi zaidi, vijana wakiwahi kuokota mabaki ya kuchezea.

Kulowana nako si dawa, kwa kuwa kombora lililosukumwa ufukweni na maji likakauka juani halipaswi kuhesabiwa kuwa salama. Mwambao huu umeishi miaka mingi na uvuvi wa baruti, na wapo watu wazima wasio na viganja wanaoweza kueleza kinachotokea kitu cha namna hiyo kinapolipuka mkononi. Mtoto anayeokota tufe la karatasi mchangani asubuhi ya Januari mosi hana habari nao. Akiliona mtu mzima, asiliguse wala asilimwagie petroli kulichoma. Awaondoe watoto, aweke alama kwa mbali, na apige 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Upekuzi wa usiku kwa kurunzi hautoshi kwenye ufukwe ambao maji hujaa au kupwa kabla hakujapambazuka vizuri, hivyo mafundi hutakiwa kurudi mchana, maji yakiwa yamepwa, na kulipitia eneo lote lililokuwa ndani ya kamba hatua kwa hatua. Mwandaaji anayefungasha jukwaa lake na kuondoka alfajiri kabla ya kazi hiyo hajamaliza shughuli aliyoombea kibali.