Kikundi cha waandishi hakikuandikii kitabu: dhana potofu kuhusu warsha na kozi za uandishi bunifu

Anayetaka kuandika riwaya yake ya kwanza kwa Kiswahili hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia ajifungie ndani aandike, kwa kuwa kipaji hakifundishwi. Kuna wanaomwambia alipie kozi, akimaliza atatoka na kitabu mkononi. Wote wanampotezea muda. Kikundi au kozi hukupa vitu viwili: tarehe ya kupeleka kurasa, na watu wa kuzisoma kabla hujazizoea mno. Ni vitu viwili tu, lakini ndivyo vinavyokosekana kwa waandishi wengi wanaoishia sura ya tatu. Mengine yote yanategemea namna kikundi kinavyoendeshwa.

"Uandishi hauna shule, darasa litaua sauti yako"

Husemwa hivyo kana kwamba kujifunza utunzi pamoja kuliletwa na vyuo vya ng'ambo. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha warsha yake mwaka 1936 na utaratibu wake ukaigwa kwingi. Lakini mshairi wa Kiswahili hakujifunza peke yake hata kabla ya hapo. Alikaa na waliomtangulia, akatungiwa, akajibu. Mshororo wenye mizani 16 ukipungukiwa na mmoja, msikilizaji alisikia kabla ubeti haujaisha, na mtunzi akajirekebisha mbele za watu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilibeba mashairi ya watu waliojibizana kutoka miji mbalimbali, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapisha humo. Malumbano hayakumfananisha mtu na mwenzake.

Kinachoua sauti ni kufuata kila maoni. Msomaji mmoja akikwama mahali, andika pembeni uendelee. Wasomaji watatu wakikwama mahali pamoja, pana tatizo hapo au kidogo kabla ya hapo. Ila dawa wanayopendekeza mara nyingi siyo. Wakikwambia mwisho wa sura hauwagusi, usikimbilie kuupaka machozi; rudi ukurasa wa pili utazame kama ulionyesha mhusika anataka nini. Wasomaji wana haki juu ya walichohisi. Namna ya kurekebisha ni kazi yako.

"Nitajiunga nikishamaliza muswada"

Ukichelewa hivyo, kosa lililoanza ukurasa wa 6 utakuwa umelirudia mara mia. Msimulizi anayejua siri za kila mhusika kwenye sura moja, kisha asijue chochote kwenye sura inayofuata, ni rahisi kumnyoosha akiwa na kurasa 15. Akiwa na kurasa 200, ni kuandika upya.

Kujiunga mikono mitupu nako hakufai. Wazo likisimuliwa kwa mdomo hupendeza kila mtu, na kikundi hakina cha kusoma. Njoo na kurasa 10 hadi 15 za A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari.

Hapa pana jambo linalowapoteza wanaojifunza kwa vitabu vya Kiingereza. Wanaambiwa riwaya ni maneno 80,000, wanakata tamaa. Kiswahili hubana mengi katika neno moja: "hawajatutembelea" ni neno moja tu kwenye hesabu ya kompyuta. Maneno 45,000 ya Kiswahili ni riwaya iliyojaa, kama kurasa 180 za muswada. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, unayafikisha kwa wiki 30. Mashindano ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, yaliyoenezwa na NaNoWriMo, mradi wa waandishi wa Marekani, kuanzia 1999, yalidai maneno 1,667 kila siku. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya kurudi nyumbani ataweza siku nne, ya tano atajiona ameshindwa.

"Wataniibia wazo"

Wazo halilindwi na sheria ya hakimiliki popote. Kinacholindwa ni maneno uliyoyaandika. Ulinzi huo huanza pale unapoandika, bila kusajili popote. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya na sheria ya 2001, na kote hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, ni hiari, kunasaidia kuthibitisha ukibishana na mtu. Kwa kikundi, inatosha kutuma kurasa kwa baruapepe, maana tarehe hubaki, na kukubaliana kwamba hakuna anayezipeleka nje.

"Kikundi kikubwa kina faida zaidi kwa kuwa maoni ni mengi"

Piga hesabu. Kikundi kikikutana kila baada ya wiki mbili na kusoma kazi za watu watatu kwa kikao, chenye watu sita kinakurudishia zamu kila wiki nne. Chenye watu 15 kinakurudishia baada ya wiki 10. Wakati huo sura uliyoileta umeshaisahau, na tarehe haikusukumi tena. Watu wanne hadi sita wanatosha. Siku iwe moja isiyobadilika. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa miaka ya 1990, kimejulikana Kampala kwa klabu yake ya kila Jumatatu. Anayetaka kwenda hahitaji kuuliza ni lini.

Kikao cha saa mbili kinabeba watu watatu, dakika 35 hadi 40 kila mmoja. Kila mwenye zamu hutuma kurasa 8 hadi 10 siku nne au tano kabla. Kurasa zikiletwa mezani siku hiyohiyo, watu husoma harakaharaka na kuishia kusahihisha tahajia. Mwandishi asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha anyamaze. Kila msomaji aseme kwa sentensi moja ameelewa nini kimetokea, aonyeshe ukurasa na mstari alipochoka, na ataje asichokiamini. Mwisho mwandishi aulize maswali mawili aliyokuja nayo. Mmoja ashike saa, tena aishike kweli.

Kunyamaza ndiko kugumu. Mwandishi akianza kueleza, "hapo nilikuwa namaanisha...", wenzake wanaacha kuupima ukurasa na kuanza kupima maelezo. Kitabu kikishatoka, hatakuwepo begani kwa msomaji.

Tuchukue mfano. Aya inaletwa hivi:

"Asha alikuwa ana huzuni sana. Alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho kilikuwa karibu na dirisha. Alikuwa anamfikiria baba yake ambaye alikuwa amefariki."

Maoni yasiyosaidia ni "hongera, nzuri sana, ongeza hisia kidogo". Yanayosaidia ni haya: kitenzi "kuwa" kimesikika mara tano katika sentensi tatu, hatujui baba amefariki jana au miaka kumi iliyopita, na chumbani hatuoni kitu isipokuwa kiti na dirisha. Mwandishi anakwenda nacho hicho nyumbani, anarudi na hiki:

"Asha alivuta kiti dirishani. Kanzu ya baba ilikuwa bado kwenye kamba tangu Jumatano, hakuna aliyethubutu kuianua. Upepo ukaijaza mikono, ukaiachia."

"Ilikuwa" imebaki moja, mahali inapohitajika. Neno "huzuni" limeondoka na hakuna atakayeuliza liko wapi. Na "-ka-" inafanya kazi yake ya kusogeza tukio. Hata hiyo ikizidi ni tatizo: "akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akapanda" humfanya msomaji apite mbio bila kuona kitu. Kikundi kinachosoma kwa Kiswahili husikia mambo haya kwa sikio. Mkufunzi aliyezoea riwaya za Kiingereza anaweza kuyapita.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya warsha vya ng'ambo havikitaji, nacho ni heshima. Kwenye kikundi chetu kunaweza kuwa na mwalimu mstaafu na kijana aliyefundishwa naye. Kijana aliyemwamkia shikamoo mlangoni hawezi kumwambia mwalimu, dakika kumi baadaye, kwamba sura inachosha. Atasema "mashaallah, mwalimu", na mwalimu atarudi nyumbani bila kitu. Anayepunjwa hapo ni mzee mwenyewe. Dawa ni maoni yaandikwe kabla ya kikao, mdogo kuliko wote aanze kusema, na wote wazungumzie karatasi: "ukurasa wa 3 umenipoteza", si "wewe umenipoteza". Adabu inabaki na kazi inafanyika.

"Nitapeleka sura moja moja mpaka kitabu kiishe"

Kwa kurasa 10 kila wiki nne, muswada wa kurasa 180 utamalizika kusomwa baada ya wiki 72. Hapo ndipo wengi wanapokwama: sura ya kwanza inang'arishwa mwaka mzima, sura ya tano haijaandikwa. Andika kwa kasi yako, upeleke kurasa zinazokutatiza, hata kama ni za katikati, na mistari miwili ya kueleza yaliyotangulia. Sura ya kwanza isiletwe zaidi ya mara mbili kabla rasimu nzima haijakamilika, kwa kuwa mwisho ukishaandikwa, mwanzo lazima ubadilike. Rasimu ikiisha, waombe wawili katika kikundi waisome yote kwa mwezi mmoja, nawe uwasomee zao.

"Kundi la WhatsApp linatosha"

Linatosha kwa matangazo. Kwa kusoma, halitoshi. Sura inabandikwa asubuhi, saa nne imeshafunikwa na salamu za Ijumaa, msiba na picha ya harusi. Wanaojibu hutuma makofi. Kama mko miji tofauti, au mmoja yuko Muscat na mwingine Mombasa, fungueni kundi la watu sita tu, kurasa zitumwe kama faili, maoni yaandikwe ndani ya faili lenyewe, na mpigiane simu ya video siku ya kikao.

"Wenzangu watanisahihishia Kiswahili"

Tahajia na alama ni kazi ya mhariri mwishoni. Muda wa kikao ni ghali mno kuuchoma kwenye "h" iliyosahaulika. Tahadhari zaidi na anayetaka kila mhusika aseme Kiswahili sanifu: bibi wa Lamu na kondakta wa daladala la Mbagala hawazungumzi sawa, na msomaji anajua.

"Kozi nzuri ni yenye cheti"

Hakuna mchapishaji anayeomba cheti, anaomba muswada. Kabla ya kulipa, uliza: ni nani atasoma kurasa zangu, ngapi, mara ngapi, na atanipa maoni kwa maandishi? Tutakuwa wangapi? Wakiwa 40 na mkufunzi mmoja, hiyo ni mihadhara. Inaweza kukufaa kujua misingi ya msuko na mazungumzo, lakini usiilipie bei ya warsha. Tafuta kazi ya mkufunzi uisome kwanza. Na soma fomu ya kujiunga: zipo zenye kifungu kinachowapa waandaaji haki ya kuchapisha kazi za washiriki. Haki ya kuchapisha hadithi moja kwenye mkusanyiko, mara moja, inavumilika. Haki zote, usisaini.

"Nikimaliza kozi nitapata mchapishaji"

Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mwandishi mpya husubiri. Ndiyo maana baadhi ya kozi huishia kukuuzia kifurushi: uhariri, jalada, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na nakala kadhaa, kwa fedha zako. Kujichapishia si dhambi, ila jua unachonunua. ISBN unaweza kuiomba mwenyewe, Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwa huduma ya maktaba ya taifa. Mchapishaji anayeamini kitabu chako ndiye anayekulipa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Akikudai wewe, huyo ni mtoa huduma, na bei zake zilinganishwe na za mpiga chapa wa mjini kwenu.

Njia iliyofungua milango mingi zaidi kwa wasiojulikana ni mashindano. Riwaya ya kwanza ya Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960. Leo ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kuanzia 2023, na imekuwapo tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Tangazo likitoka, kikundi kiliweke kwenye ratiba na kurudi nyuma: wiki nane za kusomana rasimu kamili, wiki nne za kurekebisha, mbili za kusoma kwa sauti na kusafisha tahajia. Na kila mmoja asome masharti kabla hajabandika sura zake Facebook, kwa sababu tuzo inayotaka muswada usiochapishwa inaweza kuhesabu kubandika huko kuwa ni kuchapisha.