Yai hutangulia damu: mimba kwa mama anayenyonyesha

"Sijaona siku zangu tangu nijifungue, kwa hiyo siwezi kushika mimba." Sentensi hii inazunguka kliniki za mama na mtoto hapa Moshi, na wiki hii nimeisikia tena. Naijibu kwa maandishi ili jibu lifike huko huko inakotoka.

Yai hutangulia damu. Yai likishatoka, ukuta wa mfuko wa uzazi unalisubiri. Mimba isipotunga, baada ya siku 12 hadi 16 hivi ukuta unabomoka, na hapo ndipo unapoona hedhi. Sasa mchukue mama mwenye mtoto wa miezi 8. Yai lake la kwanza tangu ajifungue limetoka leo, na jana alikutana na mume wake. Mimba ikitunga, hiyo damu anayoingojea haiji. Yeye anaendelea kuhesabu "bado sijaona", na kila mwezi unaopita unazidi kumthibitishia kwamba yuko salama, mpaka siku kitu kinapocheza tumboni. Kwa hiyo usiniambie utakuja kuchukua njia ya uzazi wa mpango ukishaona siku zako. Wengine hawazioni.

Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, sipingi. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo hupunguza homoni zinazoamuru yai likomae. Kinachozuia ni kule kuvutwa mara kwa mara, usiku na mchana. Maziwa kujaa hadi kulowesha gauni si kinga. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana masharti 3: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na hajafikisha miezi 6. Yote 3 yakitimia, wanaoshika mimba hawafiki 2 kati ya 100. Likivunjika moja, tafuta njia nyingine siku hiyo hiyo.

Sharti la pili ndilo linalovunjika kimyakimya. Tunashauri mtoto asikae bila kunyonya zaidi ya masaa 4 mchana na 6 usiku. Mama anayeuza mitumba Kiboriloni ananyonyesha saa 11 alfajiri, anamwacha mtoto kwa bibi yake, anarudi saa 10 jioni. Masaa 11 yamepita, na katikati bibi amempa uji mwepesi "ashibe kidogo". Ukimuuliza mama atasema ananyonyesha, na hadanganyi. Lakini njia yenyewe imeshavunjika. Mwajiriwa aliyemaliza likizo yake ya siku 84 yuko hapo hapo. Kukamua maziwa ofisini ni jambo jema sana kwa mtoto, ila mashine haiuambii ubongo yale ambayo mdomo wa mtoto unauambia, na kinga hupungua.

Nakiri jambo moja. Hayo masaa 4 na 6 ni mipaka ya kufanyia kazi, mwili haugeuki dakika ikipita. Wapo wanaokaa mwaka mzima yai lisitoke huku mtoto anakula ndizi, na wapo ambao yai hutoka mapema wakifanya yale yale. Kliniki hatuna kipimo cha kukuambia mapema wewe uko kundi gani.

Damu ya wiki 8 za kwanza haihesabiwi kuwa hedhi kwa anayenyonyesha pekee. Baada ya hapo, ukitoka damu siku 2 mfululizo, hesabu kwamba hedhi imerudi.

Nayo ikirudi huja ovyo: mzunguko wa siku 25, unaofuata 50, kisha kimya. Mizunguko ya kwanza mara nyingi haina yai, au yai linatoka lakini siku za baada yake ni chache mno mimba kushika. Naogopa kulisema hili kwa sababu mtu analigeuza ruhusa. Damu ya mzunguko wenye yai na ya usio na yai huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kalenda na shanga za kuhesabia siku za mzunguko ziweke kando kwanza. Shanga zinataka mzunguko wa siku 26 hadi 32, na wewe unahitaji kuona hedhi angalau 3 na zitulie kwanza.

Ukiwa na wasiwasi, pima mkojo wiki 3 baada ya tendo la mwisho bila kinga. Kunyonyesha hakuharibu majibu.

Njia zipo: vidonge vya kichocheo (homoni) kimoja na vijiti vya mkononi hata mara tu baada ya kujifungua, kitanzi ndani ya masaa 48 au kuanzia wiki ya 4, sindano kuanzia wiki ya 6, kondomu wakati wowote. Vidonge vya vichocheo viwili visubiri mtoto afike miezi 6. Sindano na vijiti navyo huvuruga siku, hilo ni kawaida yake. Aliyepitisha tarehe ya sindano ndiye arudi haraka.

Na mimba ikishaingia, usimwachishe mtoto ghafla kwa hofu ya kumbemenda. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu, na walio wengi wanaweza kuendelea kunyonyesha; kama uliwahi kujifungua kabla ya wakati, tuone kliniki kwanza. Mtoto wa miezi 9 aliyenyang'anywa ziwa akabakishiwa uji mweupe ndiye anayekonda, halafu lawama inawekwa kwenye maziwa.