Ni volti 12 tu, fundi

Mwezi huu nimeisikia mara ya tatu. Mteja kaleta Coaster hapa Unga Limited, Arusha, viti vyote vimeng'olewa, kitanda na kabati vimeshapigwa, anataka kuhamia humo na mkewe wazunguke nchi. Nikamuuliza fyuzi kuu iko wapi. Akacheka. "Fundi, si ni volti 12 tu? Hata mtoto anaishika."

Kweli, mtoto anaishika. Gusa taminali zote mbili za betri kwa mikono mikavu, husikii kitu. Uongo huu unapata miguu hapo hapo, maana watu wanapima hatari ya umeme kwa jinsi unavyowarusha. Wa nyumbani unarusha, wa betri unachoma. Betri kubwa ikipigwa shoti inamwaga ampea zaidi ya elfu moja kwa mkupuo, wala hakuna TANESCO wa kuikatia. Ukutani kwangu nimetundika spana namba 13 iliyoliwa pembeni kama hindi la kuchoma. Iliniponyoka ikalala juu ya taminali mbili, sekunde moja tu. Tangu siku hiyo pete naivua kabla sijainama kwenye betri.

Basi nikafungua ubao wa pembeni mwa Coaster. Kebo ya inveta, kile kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230 za nyumbani, haikufika, kwa hiyo fundi aliyetangulia akaiongezea mita 4 za waya wa milimita 10 za mraba, ule mnene wa nyumbani. Ganda lilikuwa limelainika, limegandia kwenye sponji ya ukutani, na harufu yake unaijua. Bosi mwenye gari akanijia juu: "Waya huu nyumbani unabeba jiko zima la umeme, utashindwa na birika?"

Swali zuri, ila agawanye wati kwa volti. Jiko la wati 6,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 26. Birika lake la wati 1,500 kwenye volti 12 linavuta 125, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unafika kama 140. Birika dogo, ampea zaidi ya mara tano. Mita 4 kwenda na 4 kurudi, waya ule unakula karibu volti 2, na wati kama 270 zinageuka joto. Ni sawa na kuficha pasi nyuma ya godoro. Yeye alikuwa akilalamika kwamba inveta inalia na kuzima kila akichemsha chai, akidhani kauziwa feki. Inveta ilikuwa nzima, umeme ulikuwa unaishia njiani.

Nikaihamishia inveta mita moja kutoka kwenye betri, nikaifungia kebo ya milimita 50. Safari ndefu ya kwenda jikoni ifanywe na volti 230, ampea zake ni chache.

Na fyuzi, jamani. Fyuzi inalinda waya, hailindi friji. Kwa hiyo inakaa shubiri moja kutoka taminali chanya. Ukiiweka mita tatu mbele, mita zote tatu hazina mlinzi, na ukilipeleka gari barabara ya Ziwa Natron, bati litausugua waya mpaka shaba ionekane. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu. Sitaki kukuta tena karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushiwa pale.

Nina ugonjwa wangu mmoja, wateja wananijua: kila kinachopasha moto nakipeleka kwenye gesi. Birika, pasi, hita ya maji, vyote. Mama wa Coaster aliposikia akamgeukia mumewe: "Si nilikwambia mtungi wa kilo 6 unatosha?" Mzee akanyamaza.

Mengine niyapitie haraka.

"Gari ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa, taa na redio nitachukua 12 kwenye betri moja." Hapana. Altaneta, ile ya injini inayochaji betri, inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ile unayoinyonya haijai kamwe, mwenzake anachemshwa mpaka maji yanakauka. Baada ya miezi kadhaa unanunua zote mbili. Funga konveta ya kushusha 24 kuwa 12, uache ubahili.

"Betri ya ampea-saa 200 inanipa 200." Ya risasi na asidi, panga kutumia nusu, ukitaka ikae. Lithiamu inakubali utumie asilimia 80 au zaidi. Na betri ya kuwashia injini usiilaze na friji usiku kucha, haikuumbwa kwa kazi hiyo.

"Lithiamu naiunga moja kwa moja kwenye altaneta." Inakunywa bila kushiba, na altaneta inaungua, hasa gari likiwa silensa kwenye foleni. Weka chaja ya betri kwa betri katikati.

"Paneli ya sola lazima iinamishwe." Uko Arusha, nyuzi 3 na ushee tu kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi. Ilaze juu ya paa, acha nafasi ya hewa chini yake, futa vumbi. Hela ya fremu za bawaba nunulia kebo.

Kinachoua paneli ni kivuli. Bosi wa Coaster alinipigia wiki iliyofuata: paneli zake za wati 400 zinatoa 60, saa sita mchana, jua kali. Nikapanda bodaboda mpaka kwake Njiro. Coaster imeegeshwa chini ya mjakaranda, isipate joto.