Nani hasa anaivalisha NBA? Dhana potofu kuhusu vita vya jezi za kikapu

Shabiki aliyezoea soka la nyumbani, ambako Simba na Yanga kila moja huwa na mzabuni wake wa jezi, huwa rahisi kuamini kwamba NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, nako mambo huenda hivyohivyo. Utamsikia akisema Lakers wamesaini na Nike, au kwamba Celtics wangefanya vyema kurudi kwa Adidas. Ukweli ni kwamba klabu hazina uamuzi katika jambo hilo, kwa sababu anayesaini ni ligi yenyewe kwa niaba ya timu zote 30. Zamani haikuwa hivyo: mwishoni mwa miaka ya 1990 ligi hiyohiyo ilikuwa na timu zilizovaa Champion, zilizovaa Nike na zilizovaa Starter, mpaka mwaka 2001 ilipoamua kumkabidhi Reebok kazi hiyo kwa mkataba wa miaka 10. Wapo wanaotaja Charlotte Hornets, ambao jezi zao zilibeba nembo ya Jordan tangu 2017, kuwa ni ushahidi wa kinyume. Hao wanasahau kwamba Jordan ni chapa ya Nike.

Dhana ya pili inasema Nike ilimng'oa Adidas. Adidas iliirithi NBA mwaka 2006, baada ya kuinunua Reebok, na Machi 2015 yenyewe ndiyo iliyotangaza kwamba haitaongeza mkataba utakapomalizika. Miezi michache baadaye ikamsajili mchezaji nyota James Harden, akiwa bado anavaa viatu vya Nike, kwa dau ambalo vyombo vya habari vya Marekani vililitaja kuwa dola milioni 200. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa ya kijinga. Jezi huuzwa kwa jina la timu, na mchezaji akihama inabaki kabatini. Kiatu chenye jina la mchezaji humfuata kila aendako. Nike nayo ilipiga hesabu tofauti, ikachukua miaka 8 kuanzia msimu wa 2017-18 kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola bilioni 1.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni kwamba katika miaka yote ile 11 Adidas haikuwa na nembo kwenye jezi za mechi. Mistari yake mitatu ilionekana kwenye mavazi ya kupasha misuli, na timu zikishavua mavazi hayo mchezo ulianza bila alama yake kifuani. Kampuni ililipia haki ya kuuza jezi kwa mashabiki na kutambulika kuwa mshirika wa ligi. Mwaka 2015 ligi ilipotangaza mkataba mpya, ilisema Nike ingekuwa mshirika wa kwanza wa mavazi kuweka nembo yake kwenye jezi za NBA.

Je, mwenye jezi ndiye mwenye viatu? Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors, alihama Nike kwenda Under Armour mwaka 2013, kisha akatwaa ubingwa wa 2018 na wa 2022 akiwa na alama ya Nike kifuani na viatu vya Under Armour miguuni. Hakukuwa na kosa wala ujanja, maana kiatu ni mkataba wa mchezaji binafsi, na ligi haimchagulii kampuni. Kilichodhibitiwa kwa muda mrefu ni rangi, mpaka masharti hayo yalipoondolewa kuanzia msimu wa 2018-19. Hata ile hadithi maarufu ya kiatu cha Michael Jordan kilichopigwa marufuku ilihusu rangi zake nyekundu na nyeusi. Jina la Nike halikuwa tatizo. Mgongano wa kweli wa chapa ulitokea kwingine, katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, pale Jordan, aliyekuwa na mkataba wa Nike, alipopanda jukwaa la medali akiwa na bendera ya Marekani begani, imeangukia mahali ilipokuwa nembo ya Reebok kwenye koti la timu.

Oktoba 2017, usiku wa ufunguzi wa msimu, jezi ya LeBron James ilichanika mgongoni, katikati ya tarakimu 2 na 3 za namba yake. Jezi nyingine kadhaa zilichanika wiki zilizofuata, na mitandaoni ikasemwa kwamba Nike haitadumu. Oktoba 2024 mkataba uliongezwa miaka 12, hadi 2037, ligi ya wanawake ya WNBA ikiwemo.

Imebaki ile nembo ndogo ya upande wa pili wa kifua, ambayo wengi huidhani kuwa sehemu ya mkataba wa Nike. Hiyo ni mali ya klabu, ambayo hujitafutia mdhamini wake, na Philadelphia 76ers ndio waliotangulia kuuza nafasi hiyo mwaka 2016. Msimu wa 2025-26 Los Angeles Clippers waliwapa Visit Rwanda, kampeni ya utalii ya Rwanda. Kawhi Leonard akiingia uwanjani na jezi hiyo huwa amebeba Nike iliyochaguliwa na ligi, Rwanda iliyochaguliwa na klabu, na miguuni New Balance aliyoichagua mwenyewe.