Kusomea uongozi wa michezo si kusomea kucheza mpira

Hapa Dodoma wazazi wengi bado wanaamini kozi ya uongozi wa michezo na burudani ni ya aliyefeli, au ya mchezaji tu. Si kweli. Mwanafunzi hafundishwi kupiga chenga. Anafundishwa bajeti, ratiba, huduma ya kwanza na usalama wa watu. Bonanza likifanyika Uwanja wa Jamhuri, lazima awepo aliyekagua milango ya kutokea, aliyeweka machela karibu na mstari, aliyemtengea nafasi mwenye kiti cha magurudumu. Hayo husomewa, hata katika chuo cha serikali: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la soka. Wachezaji hawatajipangia mashindano wenyewe.